Chorol Wawili na Ukurasa wa Kumi na Nne

Jumatatu, 1 Julai
Historia ya nyumba yetu ya watawa imeandikwa. Kurasa arobaini! Dolkar, mtawa kijana aliyerudi kutoka chuoni, ndiye mwandishi. Mama Mkuu kanipa mimi nisahihishe kabla haijachapwa — ati nina jicho kali.

Mwanzo mzuri. Wanawake watatu, mjane mmoja na binti zake, wanakataliwa hekaluni kwa watawa wanaume, wanapanda mwamba huu na kuchonga vyumba kwa patasi za kuazima. Nimelia kidogo. Kisha ukurasa wa kumi na mbili: “Shule ya bure ya wasichana ilianzishwa na Yeshes Chorol.”

Ni mimi! Nimeandikwa! Nimekoroga chai yangu ya siagi nikiimba.

Jumatano, 3 Julai
Nilishangilia mapema mno.

Leo tulipotoka sala, watoto wa shule wamemvisha Chorol skafu nyeupe ya heshima shingoni, ati ndiye mwanzilishi. Siyo mimi. Yule mwingine! Chorol wa Chini, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Lama, mwalimu wetu wa dini, alitunyoa siku moja tulipoingia utawa, akatupa jina moja, maana alikuwa na mafua na hakukumbuka kama kashalitoa. Basi mimi Chorol wa Juu, kwa jina la nyumba ya kwetu kijijini, na yeye wa Chini. Miaka thelathini!

Naye kavaa skafu anacheka, mashavu yamejaa kama maandazi. Nimemwuliza mbona hakukana. Kasema, aa dada, Chorol ni Chorol.

Chorol ni Chorol? Nani alikaa jikoni na wasichana saba, ubao mweusi umepakwa siagi na kunyunyiziwa majivu, kijiti ndiyo kalamu? Mimi. Yeye kaja masika yaliyofuata, madawati yapo, chaki ipo. Lakini yeye anapendwa. Ana peremende mfukoni. Mimi nina jicho kali.

Alhamisi, 4 Julai
Nimemfuata Dolkar kwenye shamba la njegere. Nikamwambia: andika “wa Juu”, neno moja tu.

— Haiwezekani, Shangazi. Majina ya nyumba tuliyaacha siku ya kunyolewa. Wewe mwenyewe ulinifokea nilipojiita kwa nyumba ya baba.

Ni kweli nilimfokea. Nimerudi na kikapu kitupu.

Ameongeza kuwa Jumatano ijayo kitabu kitasomwa kwa sauti uani, na kila aliyetajwa na bado yu hai atasimama ukurasa wake ukisomwa. Wa zamani tumebaki wawili tu. Nitasimama mimi! Nitasimama kabla hajaokota fimbo yake. Magoti yake mabovu.

Jumapili, 7 Julai
Nilikuwa nasahihisha polepole, sijafika mbali. Leo nimefika ukurasa wa kumi na nne.

“Katika baridi ya tatu ya shule, Chorol alimfukuza mwanafunzi aitwaye Stanzin, wa miaka saba, kwa kosa la kuruka ubao wenye herufi. Mtoto alirudi kwao peke yake juu ya mto ulioganda, akapoteza vidole viwili vya mguu. Kijiji chake hakikuleta tena wasichana.”

Dolkar kaitoa wapi? Kwenye barua ya baba wa mtoto, anasema.

Ni mimi. Ubao ulikuwa sakafuni, herufi takatifu juu yake, naye karuka kama mbuzi. Nilisema rudi kwenu mpaka ujue heshima. Nilidhani atakaa mlangoni alie, kama wote.

Sikula.

Jumanne, 9 Julai
Amekuja! Stanzin mwenyewe, mama mtu mzima, anachechemea, kamshika mkono binti yake Lhazin wa miaka sita. Anataka kumwandikisha shule.

Nilikuwa mlangoni na birika. Kanipita. Kanipita kabisa! Kaenda moja kwa moja kwa Chorol wa Chini, kampa mfuko wa aprikoti kavu, wakashikana vichwa paji kwa paji.

Nilimwuliza Stanzin, kama utani, alimtambuaje.

— Shangazi, mtoto wa miaka saba atakumbuka nini? Nyote vichwa vipara, nguo nyekundu. Nilibaki na jina tu. Lakini huyu alikuja kwetu kila masika, miaka kumi na mmoja, akasimama mbele ya baba: mimi ni Chorol, naomba radhi. Baba alimfukuza mara kumi. Ya kumi na moja akampa chai.

Chai ikanimwagikia mguuni. Chorol wa Chini hakuinua macho, anagawa aprikoti.

Kila masika aliniambia anakwenda kwa dada yake. Nami nilimwonea wivu, ati ana ndugu wa kumtembelea!

Sasa namwonea wivu zaidi, na ninaona aibu kuandika hivi. Sifa zangu kachukua, sawa. Hata kosa langu? Hata hilo amelibeba vizuri kuliko mimi.

Jumatano, 10 Julai
Wamesoma hadi ukurasa wa kumi na moja, sasa ni mapumziko ya chai. Nimepanda chumbani mara moja kuchukua shali. Shali ninayo. Bado nimekaa.

Uani wamejaa. Stanzin yuko mbele, binti kampakata. Wa kumi na mbili, anayesimama anapigiwa makofi. Wa kumi na nne, ni yuleyule asimame tena. Huwezi kuchukua mmoja ukaacha mwingine. Jana nilijaribu kichwani, haigawanyiki.

Nilimgongea ukuta asubuhi. Nikasema, leo usisimame. Akauliza:

— Kwa ukurasa upi, dada?



Kengele imelia. Dolkar anaita kutoka chini, “Shangazi Chorol! Shangazi Chorol, tunaanza!”

Jirani ameitika. Mimi sijaitika bado. Namsikia anapapasa fimbo yake, anaugua kidogo, ameipata. Ngazi ni ishirini na mbili, kwa magoti yale. Nikitoka sasa hivi nitamtangulia.