Mkono wa Chini

Grantown, Uskochi
8 Februari 1987

Mdogo wangu Torquil,

Habari za miaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko New Zealand, na kama umehama, basi aliyepo humo ndani anisamehe na akutafute. Sisi hatujambo kiasi. Wattie mume wangu yupo, bado anafanya kazi kiwanda cha wiski, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Baridi ya mwaka huu inaingia mpaka kwenye meno.

Usicheke mwandiko, naandika kwa kushoto. Oktoba nilipata kiharusi nikiwa jikoni pale shuleni, nimebeba sinia la viazi. Nikaona sinia linakwenda chini na mkono hauna habari. Mguu umerudi. Ulimi nao umerudi, Wattie anasema umerudi na nyongeza. Mkono wa kulia ndio umegoma. Mtaalamu wa viungo amenipa mpira niwe naubonyeza. Miezi minne nabonyeza mpira, Torquil. Nimeuchukia kama mtu.

Najua barua yangu ya mwisho kwako ilikuwa kali, na najua kwa nini hukuijibu. Leo siandiki kwa ajili ya hayo. Ijumaa nilijikokota mpaka darajani nikamwona mzee Dod Imlach, yule anayeongoza wageni wanaokuja kuvua samaki mtoni, akijaribu mshipi kabla msimu haujaanza. Nilisimama pale nikasahau baridi. Nimeishi kando ya mto huu miaka hamsini na minne na sijawahi kuingiza mguu. Baba alikuwa anakuchukua wewe, mimi naachwa nimenye viazi. Nikamwambia Dod, "Nifundishe." Akanitazama mkono, akasema, "Mama, sisi wote hapa tunarusha wa kulia ukiwa juu. Niliyemjua anarusha kwa kushoto vizuri ni mmoja tu, na huyo alikimbilia upande wa pili wa dunia."

Basi huyo ndiye ninayemwandikia. Msimu unafunguliwa Jumatano. Nifundishe.

Dada yako,
Murdina


Gore, New Zealand
1 Machi 1987

Dada Murdina,

Nimeipata barua yako na nimeisoma nikiwa nimesimama, nimeshika spana mkononi. Pole sana, dada. Pole mara mia. Mimi ni mzima, bado natengeneza matrekta, naishi peke yangu na mbwa asiye na adabu. Msalimie Wattie na magoti yake.

Sijashika fimbo ya kuvulia tangu niondoke huko. Ila usiku nilichukua mpini wa ufagio, nikatoka uani, nikafunga macho, mikono ikakumbuka yenyewe. Sikiliza.

Samoni anataka fimbo ndefu ya mikono miwili. Wa kushoto uwe juu, wa kulia chini kabisa, kwenye kitako. Nyanyua polepole, kama unavyofunua sufuria ya maziwa yanayotaka kumwagika. Zungusha fimbo nyuma yako, mshipi uguse maji kidogo, subiri uhesabu moja, halafu mbele. Na hapa ndipo watu wote wanapokosea: wanasukuma kwa mkono wa juu. Kazi yote ni ya mkono wa chini. Uvute uje tumboni. Wa juu unaelekeza tu.

Maana yake, dada, mkono wako mbovu ndio nilioupa kazi. Ukitaka kunitukana, nitukane.

Samoni wanaoingia mapema hivi ni wachache, na wakishatoka baharini hawali kitu. Utarusha mara elfu bila kuguswa. Si kosa lako, ndivyo walivyo.

Mdogo wako,
Torquil


Grantown
24 Mei 1987

Mdogo wangu,

Hujambo? Mbwa hajambo? Huku tunashukuru, theluji imebaki vileleni tu.

Nimekutukana, kama ulivyoruhusu. Wiki ya kwanza mshipi ulinizunguka shingoni mpaka Dod akauliza kama najivua mwenyewe badala ya samaki. Wiki ya pili nilianguka majini. Tangu hapo Wattie haniachi niingie mtoni bila kunifunga kamba kiunoni, yeye ameishika ufukweni kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani. Wanaume wa pale kwenye kibanda cha wavuvi wanatoka na chai zao kutazama. Mmoja wao, Sandy Grewar, anapaza sauti, "Wattie, ukimchoka mwachie tu, atafika baharini!" Nikamjibu nikifika nitawaambia samoni wasije upande wake. Ingawa hawaji hata hivyo.

Nimetoka siku thelathini na nane, samoni sina. Lakini kidole changu cha shahada kimeanza kushika kitako cha fimbo. Mtaalamu wa viungo ameniuliza nimefanya nini. Nikamwambia namtii ndugu yangu.

Ahsante, Torquil. Sikuwa nimepanga kukwambia neno hilo mwaka huu.

Dada yako,
Murdina


Grantown
19 Julai 1987

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na uketi kwanza. NIMEPATA! Si samoni, ni trauti wa bahari, ratili tatu kamili kwenye mizani ya Dod.

Mvua ilinyesha siku mbili, mto ukapanda, ukawa na rangi ya chai. Dod alikuja kugonga dirisha asubuhi, mimi niko kwenye uji: "Mama, trauti wa bahari kwa kawaida ni wa gizani, ila maji ya leo yatawadanganya. Twende!" Nilichukua fimbo ndogo ya mkono mmoja. Mara ya tano au ya sita, kitu kikanyakua mshipi kwa hasira, samaki akaruka hewani mweupe kama kijiko kipya, akaruka tena. Nikapiga kelele mpaka ng'ombe wa ng'ambo wakakimbia. Wattie akaniuliza, "Nivute kamba?" Nikamwambia ole wake.

Tulimkaanga na siagi, tukala wanne, Dod na mkewe wakiwemo. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Dod, kisha nikanyamaza, maana mtu wa tatu hakuwepo mezani.

Torquil, miaka kumi na moja nimelikalia swali moja, na sasa kwa kuwa tunaongea tena naona nitakuwa mnafiki nisipouliza. Mama alipofariki nilikupelekea simu ya maandishi. Hukuja, hukujibu, hata ua hukuleta. Kwa nini?

Dada yako anayekupenda,
Murdina


Grantown
8 Mei 1988

Torquil,

U hali gani? Miezi kumi sasa hujaandika. Kadi yangu ya Krismasi haikurudi, kwa hiyo najua uko hapo hapo. Sisi wazima.

Ningenyamaza na mimi, lakini hapa hakuna mwingine atakayeelewa hili. Jumanne nilimshika samoni. Alikuwa na maji ya bahari bado mgongoni, mpana, rangi ya fedha. Alikimbia kuteremka mto, nikamwacha akimbie kama Dod alivyosema. Halafu akageuka ghafla, akaja mbio moja kwa moja kwangu. Ilinibidi nizungushe gurudumu la mshipi haraka, na gurudumu linazungushwa na mkono wa kulia. Vidole vikateleza. Nikavirudisha, vikateleza tena. Mshipi ukalegea, akatema ndoana, akaenda zake.

Nilikaa kwenye mawe nikalia. Wattie akaja akakaa nami, na magoti yake yale. Sandy Grewar, yule yule wa matusi, alitoka kibandani akaniletea chai yake mwenyewe.

Kesho yake nilirudi mtoni. Sijui kwa nini nakwambia, ila nilirudi.

Kama swali langu limekuumiza, nisamehe. Huna lazima ya kulijibu. Ila usinyamaze.

Dada yako,
Murdina


Gore
20 Juni 1988

Dada,

Salamu. Mwili wangu mzima. Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Ya tano hii naipeleka bila kuisoma.

Simu yako ya maandishi ilipofika nilikuwa nimelewa. Si siku hiyo tu, nilikuwa nimelewa karibu mwaka mzima. Kila aliyenijua alijua isipokuwa ninyi. Karatasi ilikaa mfukoni mwa koti. Nilipoisoma, mama alikuwa ameshazikwa siku kumi na sita. Ningeandika nini? Halafu ikaja barua yako, ukaniambia mimi si mtoto wa mama tena. Nikaona umesema kweli, nikaona basi, nimepewa ruhusa ya kuzama.

Nilizama miaka mitatu zaidi. Mwajiri wangu wa sasa, mjane mmoja anaitwa Bi Hinemoa Paki, ndiye aliyenikuta karakana nimelala chini ya trekta, akanipeleka hospitali mwenyewe, akanisubiri. Sijanywa miaka tisa. Namshukuru kila asubuhi na hajui.

Fimbo niliiacha kwa sababu kila nikifikiria mto ule, nafikiria baba, nafikiria mama anatukaushia soksi, halafu nataka kunywa. Barua yako ya kwanza iliniogopesha. Lakini nilipotoka uani na ule mpini wa ufagio, dada, sikutaka kunywa. Nilitaka kurusha tena.

Kuhusu samoni: vidole vikigoma, acha gurudumu. Rudi nyuma kwa miguu. Panda ufukweni kinyumenyume, fimbo juu, mshipi usilegee. Miguu yako mizima, itumie.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Torquil


Grantown
2 Julai 1988

Mdogo wangu,

Ningejua ningekuja kukubeba mgongoni. Ile barua niliyokuandikia naifuta, kila neno. Mtoto wa mama ni wewe, kama nilivyo mimi.

Mwambie huyo Bi Hinemoa kwamba kuna mwanamke Uskochi anamwombea kwa jina.

Dada yako


Grantown
11 Aprili 1989

Torquil wangu,

Hujambo, mpenzi? Bi Hinemoa hajambo? Huku sote wazima, na leo ninaye samoni wa kukusimulia.

Jumamosi, saa nne asubuhi, pale mto unapopata kina, panapoitwa Kilindi cha Mfumaji. Maji ya theluji, baridi ya kutoboa mabuti. Huu ni msimu wa tatu, na ilikuwa siku yangu ya kumi na tisa tangu ufunguliwe. Nilikuwa nafikiria kitunguu nilichosahau kununua. Nikarusha vizuri, mkono wa chini ukavuta wenyewe bila kuambiwa, mshipi ukaelea ukizunguka taratibu, halafu ukawa mzito. Sikustuka. Nilinyanyua fimbo, na upande ule wa pili kitu kikatikisa kichwa mara moja, polepole, kama mzee anayekataa sukari.

Alikimbia, nikamwacha. Akageuka akaja kwangu, ujanja ule ule wa mwaka jana. Vidole vikazungusha mara tatu, vikachoka. Nikasema kwa sauti, "Miguu!" Nikaanza kurudi kinyumenyume nikitoka majini, napanda kokoto bila kuangalia, na mshipi haukulegea hata unywele. Nikamgonga Wattie kifuani. Akanishika mabega, tukarudi nyuma wawili kama wacheza dansi wabaya. Dod anapiga kelele, "Hivyo hivyo, mama! Usimwonee huruma!" Akakimbia tena mara mbili, nami nikamfuata ukingoni. Dakika ishirini na tano. Dod akaingia na wavu akamnyanyua.

Ratili kumi na moja, Torquil. Ana chawa wa bahari bado mkiani, maana yake katoka baharini juzi tu. Sandy Grewar akavua kofia, akampa mkono Wattie, halafu akanipa mimi, mkono wa kulia. Nikaushika.

Kichwa cha supu kilikwenda kwa Dod, mkia kwa wenzangu wa jikoni shuleni, kipande kwa mtaalamu wa viungo ambaye alilia kuliko mimi. Kilichobaki tulikila na viazi vya kuchemsha. Kabla ya kula nilisema shukrani nikataja majina, nikaanza na lako.

Chumba cha juu kimepakwa rangi. Njoo nyumbani hata wiki mbili.

Dada yako,
Murdina


Gore
8 Oktoba 1989

Dada yangu,

Salamu zako na za Wattie nimezipokea, nami ni mzima, nimenenepa kwa mikate yako. Nimechelewa kuandika kwa sababu tangu nirudi kila nikikaa na kalamu naona maneno hayatoshi.

Ahsante kwa wiki zile za Juni nilizokaa kwenu. Ahsante kwa kusimama nami kaburini kwa mama bila kuniharakisha. Ahsante hata kwa kunicheka siku kumi na mbili nilizorusha bila kupata chochote, huku wewe unatoa trauti wa bahari wawili mbele ya macho yangu na kuuliza kama kuna mtu anataka kufundishwa.

Jumapili iliyopita msimu wa huku ulifunguliwa. Mto Mataura unapita nusu maili kutoka kwenye karakana yetu, na miaka yote hii nilikuwa navuka daraja lake nikitazama upande mwingine. Nimenunua fimbo. Nikaingia mpaka magotini, mvua ndogo inanyesha, mbwa amekaa ufukweni ananiona mwendawazimu. Nikarusha. Nikasogea hatua moja, nikarusha tena. Ng'ambo alikuwepo mzee mmoja nisiyemjua, akaweka mikono mdomoni akaniita, "Wewe! Umepata?"

Nikamjibu, "Bado!"

Dada, nilivyolifurahia neno hilo! Nilibaki mtoni mpaka mchana, mtu wa miaka hamsini na moja, nimelowa, nacheka peke yangu.

Mdogo wako,
Torquil