Mchumba Wangu Anataka Niseme Kitambaa Si Mama Mkwe

Mama Paskazia mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, ila kabla ya msaada naomba usicheke, maana kila niliyemweleza jambo hili amecheka kwanza halafu ndipo akaniambia nimwombe mchumba wangu Josephat radhi, na mimi radhi hiyo sina na sijui niitoe wapi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mabatini, nina miaka ishirini na minne, kwetu ni Shirati mkoa wa Mara, na cherehani yangu ipo kwenye baraza ya nyumba moja ambayo chumba chake cha mbele Bwana Maige amekifanya banda la gemu, ana televisheni moja na mashine moja ya CD, na kwa kuwa mlango uko wazi mchana kutwa nikajikuta naangalia huku nashona, mwanzo kwa jicho moja, halafu kwa macho mawili, mpaka nikaanza kuingia ndani na kushika pedi ya kuchezea mwenyewe, na leo nikishakaa hakuna wa kuniondoa kirahisi. Wengine pale wanacheza mpira na ngumi, lakini sisi wa gemu ya hadithi tuko kama kumi na wawili, ni gemu ya safari ndefu, unaongoza watu wako, wanapata nguvu, wanaoa, wanafiwa, na maneno yote yameandikwa Kijapani ambacho hakuna hata mmoja wetu anayekisoma, kwa hiyo majina tumewapa wenyewe na hadithi tunaijua kwa vitendo vyao tu. Kijana mkuu tunamwita Ngosha, mke wake Modesta, na kuna askari mmoja wa mkuki aliyejifunga uso mzima yakabaki macho, huyo ndiye tunamwita Kitambaa, na hakuna anayejua ni nani. Bila shaka walioitengeneza walitaka tujue mwishoni, lakini CD ya tatu ya Maige ina mkwaruzo, Kitambaa akiinua mkono kushika fundo ili ajifunue, picha inaganda hapo hapo, tumeipangusa kwa pamba, kwa kanga, kwa dawa ya meno, inaganda. Maige ameagiza nyingine Nairobi, inakuja inakuja, mwezi wa tatu huu.

Kwa hiyo Mama watu wanabishana, na katika ubishi huo mwenye neno la mwisho alikuwa mchumba wangu Josephat, fundi redio wa Igoma, yeye alisema Kitambaa ni baba yake Ngosha aliyedhaniwa kufa vitani, ana daftari zima la ushahidi, watu wakamwita Profesa, na sitakuficha, mimi nilimpendea hapo, kwa jinsi anavyoeleza jambo mpaka ukaliona.

Sasa sikia. Mwezi wa pili Josephat alileta barua ya posa kwa baba yangu mdogo aliyeko Buhongwa, na tangu siku hiyo mama yangu, ninayeishi naye hapa, akaanza kumpisha Josephat kama mila yetu ya Kijaluo inavyotaka, mama mkwe hatazamani na mkwe wake ovyo wala hawali sehemu moja. Siku moja Josephat akawa anakuja kwa kile kinjia cha bombani, mama akatoka njiani, akaingia kwenye mihogo ya jirani, akampa mgongo na kitenge kichwani mpaka alipopita, halafu akanituma nimpelekee samaki sato mzima. Josephat akaninunia, akasema, "Adongo, mama yako ananichukia?" Nikamwambia, "Anakuheshimu. Angekuchukia angekusalimia." Josephat ni Msukuma, na Wasukuma nao wana heshima yao ya ukwe, lakini yeye amekulia mjini, ilibidi nimfundishe yote, nani anampisha nani na kwa nini.

Kesho yake nipo kwenye cherehani nashona sare ya shule, nainua macho, naona ndani Ngosha anavuka daraja na Kitambaa anatokea upande wa pili, na Kitambaa badala ya kumpita akashuka majini, akageuka akampa mgongo mpaka Ngosha akamaliza kuvuka. Mama, nilikaribia kujishona kidole. Sehemu ile nimeiona mara ishirini, lakini siku hiyo nilimwona mama yangu kwenye mihogo.

Nikaingia nikasema, "Jamani, Kitambaa siyo baba wa mtu. Kitambaa ni mama yake Modesta."

Wakaangua kicheko. Josephat akasema, "Mwanamke gani huyo wa kushika mkuki namna ile?"

Nikamwambia, "Wewe ulitaka ashike mwiko?" Halafu nikawaeleza moja baada ya jingine, kwamba kabla ya harusi Kitambaa alipigana na Ngosha ana kwa ana wakatazamana macho, lakini tangu Ngosha amwoe Modesta hajamtazama tena hata mara moja, kwamba wakipiga kambi wote wanakula kwenye moto na Kitambaa anakaa nyuma ya hema, kwamba Ngosha alipougua dawa ilipitia mkononi mwa Modesta, na kwamba lile joho la Kitambaa limekatwa kwa kubana kiunoni, na mimi najua nguo iliyokatwa kwa ajili ya mwanamke. Josephat akasema hata baba anaweza kujificha. Nikamjibu, "Angekuwa baba yake Ngosha, wa kumpisha angekuwa Modesta, maana huyo ndiye mkwe wake. Mbona Modesta anasimama naye bega kwa bega?"

Mzee Okwach muuza samaki, ambaye hachezi kitu zaidi ya ngumi, akainuka pale alipokuwa anangoja zamu yake akasema, "Huyu mtoto amemaliza kazi. Huyo ni maro." Maro kwetu ni mama mkwe. Tangu siku ile Josephat haitwi tena Profesa, akipita wanamwita Mkwe, na wanaotoka njiani kumpa mgongo kwa utani wapo.

Amekasirika Mama, na mimi nimemwonea huruma kweli, lakini sasa amekuja na sharti. Anataka Jumamosi ijayo saa nane mchana, wote wakiwapo, nisimame niseme nilitunga tu ili nimwaibishe na kwamba Kitambaa ni baba kama alivyosema yeye. Nikikataa, atatuma watu Buhongwa wairudishe barua ya posa, ambayo baba mdogo bado hajaijibu. Amesema, "Anayenibishia leo kuhusu Kitambaa, kesho atanibishia mbele ya ukoo wangu." Mama yangu anasema nikubali yaishe, gemu ni gemu, mume ni mume. Dada zangu nao wanasema hivyo hivyo. Na kingine, sijui kama kina maana, mteja wangu mmoja wa Igoma, Rebeka, alikuja kuchukua sketi yake akaniambia kule kwao kuna banda jingine la gemu hiyo hiyo, ila CD ya tatu nao hawana, na wanamsifu sana Josephat kwa kugundua kwamba Kitambaa ni mama mkwe, amewaeleza la daraja na la hema na kila kitu, ila nadhani Rebeka amechanganya habari.

Mama Paskazia, Josephat nampenda. Lakini nikijaribu kuyasema maneno yale, hata peke yangu mbele ya kioo, mdomo unakataa. Je, niseme uongo niolewe, au nisubiri CD ya Nairobi ituamue? Jina langu litoe gazetini, siogopi.

Faith Adongo,
Mabatini, Mwanza.

MAMA PASKAZIA ANAJIBU:

Marahaba mwanangu Adongo. Nimecheka, nisamehe. Nimecheka kwenye dawa ya meno, nikacheka tena kwenye mwiko, nilipofika kwa Rebeka nikavua miwani nikaacha kucheka.

Nianze na kukugombeza, kwa sababu unastahili. Umeniandikia kurasa nne, ukaeleza daraja, hema na joho la mtu asiyekuwepo duniani, halafu jambo kubwa kuliko yote ukalitupa chini kabisa, eti "sijui kama kina maana." Rebeka hajachanganya kitu. Rebeka hajui mama yako aliingia kwenye mihogo ya nani. Watu wa Igoma wangejuaje la daraja, kwa mpangilio ule ule uliousema wewe, kama halikuletwa na mtu aliyekuwepo? Wewe unayeweza kumtambua mama mkwe kupitia matundu mawili ya macho, umeshindwa kumtambua mchumba wako aliyekaa mbele yako uso mtupu!

Tuliseme lilivyo. Josephat hana shaka kwamba uko sahihi. Alikuamini, pengine siku hiyo hiyo, na ameamini kiasi cha kwenda kusifiwa nayo mahali ambapo wewe hupo. Mchele ni wako, pilau amepika yeye Igoma, sasa anataka usimame Mabatini uape kwamba hujawahi kuwa na hata chenga. Kwa hiyo hakuombi ukubali kwamba umekosea. Anakuomba ujiite mwongo ili yeye abaki mkweli sehemu mbili.

Nakuelewa unavyompenda. Mtu uliyempendea akili yake akikufanyia hivi inauma zaidi kuliko angekuwa mlevi. Na yeye naye simnyimi huruma yake. Kuitwa Profesa asubuhi na Mkwe jioni, watu wakikupa mgongo njiani, si jambo dogo kwa mwanamume wa mji huu. Hapo nakugombeza tena. Ungeweza kumdokeza kabla hujaingia kutangaza, kwa sababu ni mchumba wako na daftari lile alilihangaikia. Hukufanya hivyo kwa sababu ulikuwa na furaha ya kuona kitu kipya, na furaha haina breki. Ukitaka kumwomba radhi, mwombe kwa hilo tu, mkiwa wawili. Lakini la kusema ulitunga, hapana. Sikupi ruhusa, hata mama yako akilia.

Na mama yako, mwanangu, anatafuta amani kwa sababu anakutakia nyumba. Mwamkie, msikilize, mpikie. Halafu mwambie kwamba heshima anayompa Josephat kila siku pale njiani ndiyo hiyo hiyo Josephat ameigeuza sifa yake binafsi. Nadhani akilijua hilo hatasema tena gemu ni gemu.

Jambo jingine, na hili ulimeze bila kukunja uso. Inawezekana kabisa umekosea kuhusu Kitambaa. Waliotengeneza hiyo gemu sidhani kama wamewahi kufika Shirati. Huenda kwao mtu akimpa mwenzake mgongo ni hasira tu, au ni haya, au mchoraji alichoka kuchora nyuso. Nakuambia hivi siyo ili ulegee. Nakuambia ili Jumamosi useme "naamini" na ueleze sababu zako, kwa sababu sababu unazo, na mpaka naandika haya hakuna aliyezijibu. Hoja hujibiwa kwa hoja. Josephat ameshindwa kuijibu yako akaamua kukutishia na bahasha.

Sasa tuizungumzie hiyo bahasha. Barua ya posa ni barua ya kuomba, Adongo. Aliyeandika ni nani? Aliyeombwa ni nani? Baba yako mdogo hajajibu, maana yake Josephat bado amesimama mlangoni kwenu na kofia mkononi, na wewe unatetemeka kana kwamba uliyesimama mlangoni ni wewe. Mwombaji hapangi masharti. Akitaka kuichukua barua yake, Buhongwa anaijua njia.

Fanya hivi. Kabla ya Jumamosi mwite Josephat, mchana, mkae mahali ambapo hakuna wa kumwita Mkwe. Mwombe radhi kwa kutomdokeza. Kisha muulize, "Igoma ulisema Kitambaa ni nani?" Ukishauliza nyamaza, usimsaidie kujibu, hata akikaa kimya robo saa. Akikubali kosa lake, na akakuchukua mkaenda wote mpaka lile banda la Igoma akawaambia kwa mdomo wake aliyegundua ni nani, huyo bado ana utu, mwambie baba mdogo aijibu barua, na mkibishana kila siku ya ndoa yenu mtakuwa mnabishana watu wawili wazima. Akikana, au akikuambia jambo la mke ni la mume, basi barua irudi kwa heshima, na shukrani, bila kelele. Utalia. Lia, halafu urudi kwenye cherehani.

Jumamosi nenda kwa vyovyote. Saa nane uwe umekaa. Wakikuuliza, simama useme, "Naamini Kitambaa ni mama yake Modesta, na anayepinga aniambie kwa nini Kitambaa hampishi Modesta." Usimtukane Josephat na usiwasimulie ya Igoma, hayo ni ya kwenu wawili. Na wale wanaompa mgongo kwa utani, wakataze wewe mwenyewe, maana heshima ya mama yako siyo mchezo wa kuigiza njiani.

CD ya Nairobi usiisubiri. Hiyo haijui kuamua ndoa. Ikifika siku moja, na fundo likafunguliwa, na chini yake kukawa na ndevu za baba yake Ngosha, simama mbele ya watu wale wale useme kwa sauti ile ile kwamba ulikosea kuhusu Kitambaa. Kuhusu kutokusema uongo ili uolewe, utakuwa hukukosea.