Koo Langu Halikuwa Linauma

Jumamosi, baada ya ibada. Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha, sasa kuna jua lililolegea. Muhuru Bay imetulia kwa sababu ya Sabato. Hapa kwetu hata omena, dagaa wetu wa ziwani, hazijaanikwa.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Siku ya mazishi ya Dani, koo langu halikuwa linauma.

Dani ni nyanya yangu, mamake Mama. Tulimzika kijijini kwake Kisegi, likizo ya Aprili. Kwetu, mazishini kila kundi husimama likasema neno: majirani, kanisa, wakwe, wajukuu. Mimi ndiye mjukuu mkubwa, kwa hivyo zamu ya wajukuu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeandika karatasi nzima. Lakini nilipoona viti vimejaa hadi kwenye mahindi, nilishika koo nikamnong'onezea Mama kwamba sauti imepotea.

Dada yangu mdogo, Atieno, akasimama badala yangu. Aliongea vizuri, watu wakacheka na kulia. Mimi nilijificha nyuma ya sufuria za chai.

Halafu ikabidi niendelee kuumwa. Siku tatu nilinong'ona. Nilisukutua maji ya chumvi, nikanywa tangawizi hadi tumbo likawaka, nikameza dawa za zahanati nisizozihitaji. Atieno akasema, "Si ni vile vile tu? Hata akiwa mzima nani humsikia?"

Tulipofungua shule, mwalimu wa ushauri nasaha alituambia yanayokwama kifuani yaandikwe, hata kama hakuna wa kuyasoma. Nikaanzisha daftari. Mengine nayaleta hapa kwenye blogu, kwa jina lisilo langu. Kiluo ni cha nyumbani, Kiingereza ni cha mitihani, nikaona Kiswahili ndicho cha siri zangu. Siri gani sasa, na Mama anakijua kunishinda kwa vile anauziana samaki na Watanzania kila wiki.

Kwenye daftari nimemwandikia Dani yale niliyoshindwa kusema. Kwamba nilipenda tukiketi kuchambua njugu, saa nzima kimya, na yeye hakuona shida. Mgeni mmoja alimuuliza kama mimi ni bubu. Dani hakuinua hata macho. "Anaongea," akasema. "Wewe hujamngoja."

Hiyo nimeiandika zaidi ya mara kumi. Kila nikiiandika, kifua kinapungua uzito. Siku hizi hata nalala vizuri.

Nilidhani inatosha.

Leo tumetoka kanisani, Mama akakaa sebuleni na Mama Ouma, jirani yetu. Mlango wa chumba changu haufungiki vizuri, nikawasikia. Mama alikuwa akisema kosa ni lake. Eti ndiye aliyenituma kuchota maji ya wageni kwenye mvua asubuhi ile ya mazishi, ndiyo maana koo likaziba.

"Nilimnyima mtoto wangu kumuaga nyanya yake," akasema.

Miezi hii yote Mama amebeba uongo wangu akidhani ni kosa lake.

Daftari limenituliza mimi. Yeye litamsaidia nini likiwa chini ya godoro?

Nimejaribu kupanga la kumwambia kwa mdomo. Lakini najijua. Nitaanza, "Mama, unajua..." kisha nitaishia kuuliza chumvi iko wapi. Kwa hivyo nimefungua ukurasa wa Dani nikaandika pale juu, kwa herufi kubwa: Mama, sikuwa mgonjwa. Niliogopa watu. Wewe hukukosea popote.

Sasa nachapa haya kwa simu kitandani, daftari liko wazi mapajani. Mama Ouma ameaga. Nasikia patipati za Mama zikija huku. Mkono umeenda wenyewe kufunga daftari, ni mazoea.

Nimeurudisha, daftari likabaki wazi.

Atakasirika? Pengine. Tangawizi yote ile.

Najisogeza ukutani, apate pa kukaa.