Sarafu Ambayo Sikuinunua

Mshauri, nisaidie kabla sijarukwa na akili, maana barua hii nimeianza mara tatu na kila mara bei imebadilika kabla sijaimaliza, na bei ikibadilika na mimi nabadilika, jana nimelala mtu mwema, leo nimeamka mwizi.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, nauza tofu ya maharage ya soya sokoni hapa Cheongju, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa kijumbe, mtunza pesa wa upatu wetu wa wanawake wanne. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha. Yupo Mama Gi-tae, muuza dagaa wakavu na mwani, kibanda chake kinatazamana na changu, yupo Mama Yu-rim, fundi wa mapazia na mablanketi, na yupo dada Sun-bok, mkubwa wetu, msaga pilipili, miaka sabini na miwili. Miaka yote hiyo haijapotea hata won moja mkononi mwangu, na nilikuwa najivunia hilo kuliko nywele zangu.

Mwaka jana soko zima lilishikwa na homa, muuza viatu anaangalia hisa, muuza kabichi anaangalia hisa, mteja anakuuliza bei ya tofu huku macho yako kwenye simu, na sisi wawekezaji wadogo, ambao hapa kwetu tunaitwa sisimizi, tulikuwa tunasikia kila siku sisimizi fulani kanunua gari. Mama Gi-tae akaingia kwenye kundi moja la simu lenye mtu anayejiita Mwalimu, na Mwalimu akasema kuna sarafu ya mtandaoni itapaa. Akatuita.

"Jamani, pesa yetu imelala benki kama mgonjwa. Riba yake haininunulii hata kikapu cha dagaa. Wenzetu wanaruka, sisi tunatambaa mpaka lini?"

Dada Sun-bok akasema, "Mimi sielewi, lakini kama wote mnaingia, siwezi kubaki nje peke yangu kama ufagio."

Tukakubaliana kuweka yote, won milioni arobaini, kumi kumi kila mmoja, na kwa kuwa akaunti lazima iwe ya mtu mmoja na iungane na benki yake, ikawa jina langu, kijumbe.

Sasa sikiliza nilichofanya. Siku hiyo nikafunga kibanda mapema, nikanawa mikono, nikafungua simu, nikafuata maelekezo yote mpaka pale pa kununua. Kikatokea kisanduku, kimeandikwa "Nimeelewa hatari za biashara hii", unatakiwa uweke tiki. Nikasoma. Nikasoma tena. Mshauri, mimi sikuwa nimeelewa. Kidole kikakataa. Nilishindwa kuidanganya mashine, nikaenda kuwadanganya wenzangu, kwa sababu asubuhi yake Mama Gi-tae alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya njia, wateja wamejaa, "Mama wee, tayari?" nami nikatikisa kichwa kwamba tayari, nikiwa na nia kabisa ya kuwaeleza jioni.

Jioni sarafu ilikuwa imepanda asilimia kumi na mbili. Wakanibeba wakanipeleka kula supu ya utumbo, wakalipa wao.

Tangu hapo sikupata tena mlango wa kutokea. Sarafu tukaipa jina la Bwana Harusi ili wateja wasituelewe, na kila asubuhi ni hilo tu, "Bwana Harusi kaamkaje?" "Kaamka vizuri, kavaa suti!" Ikapanda mpaka milioni kumi ya kila mmoja ikawa thelathini, kwenye vichwa vyao, maana benki kulikuwa na milioni zile zile arobaini, zimekaa kimya. Siku hiyo tulikula nyama ya ng'ombe. Dada Sun-bok, ambaye maisha yake yote anacheka kaziba mdomo, akaanza kupandikizwa meno, analipa kidogo kidogo. Mama Yu-rim, ambaye macho yanamsumbua, akamwambia mwenye kibanda kwamba mkataba ukiisha hataongeza, anakwenda kupumzika kwa binti yake. Nilimwambia, "Subiri kwanza, haraka ya nini?" Akanijibu, "Wewe umezoea tofu, unaona kila kitu kitachacha."

Halafu ikaanguka. Kwa wiki moja ile thelathini ikawa nne. Mwalimu akafuta kundi akatoweka. Dada Sun-bok akaniuliza kwa sauti ya chini kama meno yanaweza kurudishwa. Na Mama Gi-tae, mshauri, huyu ndiye anayeninyima usingizi, alikuja kibandani kwangu akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akaniomba msamaha kwa kutuingiza kwenye hasara. Hasara ambayo haipo! Mimi nimesimama na kisu cha tofu mkononi. Sasa hivi kila alfajiri kabla ya kufungua dagaa zake anaosha vyombo kwenye mgahawa mmoja, na kila Jumamosi ananiletea bahasha ili atulipe sote. Nilikataa, akaiacha chini ya sinia. Ninazo bahasha tatu.

Utasema, si ndiyo ulikuwa wakati wa kusema, pesa yao yote ipo, wangekubusu. Nami nilipanga hivyo. Niliwaita waje Jumapili. Jumamosi ikaanza kupanda, Jumapili ikapanda, na walipofika kwangu walikuwa wanacheka, ile nne imefika kumi na mbili, Mama Gi-tae analia kwa furaha, "Usiuze! Msiguse! Anarudi Bwana Harusi!" Nikawapa chai wakaenda zao. Mama Gi-tae bado anaosha vyombo, anasema hataacha mpaka aone ishirini.

Kwa hiyo sielewi tena mimi ni nani. Ikiwa chini ya kumi mimi ni mwokozi wao, ikiwa juu ya kumi mimi nimewaibia faida. Kila nikiamka naangalia bei kabla sijaenda hata chooni, na, aibu iliyoje, naomba ianguke, ili niseme ukweli siku ambayo ukweli unanipendeza. Nisubiri ianguke? Niseme niliuza? Au ninunue leo kimya kimya kwa zile milioni arobaini, ili uongo wangu uwe kweli? Mkataba wa Mama Yu-rim unaisha mwisho wa mwezi huu. Nijibu upesi.

Kijumbe Aliyevurugwa, Cheongju

*

Kijumbe, barua yako nimeijibu kwa posta siku ile ile niliyoipokea, maana mwisho wa mwezi haungoji gazeti. Hapa nachapisha yale yale niliyokuandikia, kwa ajili ya vijumbe wengine wenye siri kama yako.

Kwanza pole. Kuogopa si dhambi. Mtu anayeulizwa kama ameelewa, akajiona hajaelewa, akaacha, huyo ana akili kuliko wengi wanaoniandikia wakiwa wameshauza nyumba. Kama ungekwenda asubuhi ile ukasema "jamani nimeogopa", wangekutania wiki mbili, mambo yakaisha.

Hapo pole yangu inakoma. Wewe hukuiba pesa, uliiba uamuzi. Wanawake watatu wazima walikaa wakaamua jambo, la busara au la kijinga, lilikuwa lao. Ukawapangia maisha kwa miezi minane kwa kutikisa kichwa. Kwa kichwa hicho mmoja kajaza meno, mmoja kaachia kibanda, na mmoja kapiga magoti kwenye maji machafu ukamtazama! Bahasha tatu, mama? Bahasha ya kwanza tu ilitosha kukufungua mdomo.

Unaniuliza wewe ni mwizi au mwokozi. Tangu lini bei ya sarafu ikawa hakimu? Ikiwa nne umesema uongo, ikiwa thelathini umesema uongo ule ule. Acha kuchungulia simu ukitafuta siku ya kuonekana mzuri. Siku hiyo haipo. Na hiyo dua yako ya kuomba wenzako wapate hasara ili wewe usafike, iache leo. Umeiita aibu mwenyewe, na ndilo neno lake.

Ukisema uliuza, watataka faida, utaitoa wapi? Kwenye maharage? Na ukinunua leo kimya kimya, hapo ndipo utakuwa mwizi kamili, maana ikianguka kesho utakuwa umezama na zile pesa ambazo woga wako uliziokoa. Usithubutu. Usiguse.

Fanya hivi. Alfajiri ya kesho nenda mgahawani kwa Mama Gi-tae. Mtoe mikono kwenye maji, mpe bahasha zake zote, mwambie yeye kwanza, peke yake, kwa sababu yeye ndiye uliyemuumiza kuliko wote. Siku hiyo hiyo waite wote watatu. Simu yako izime, na usiangalie bei kabla ya kwenda. Weka kitabu cha benki mezani kikiwa wazi. Sema: sikununua, niliwadanganya, pesa yenu yote hii hapa pamoja na riba. Kisha funga mdomo. Usiseme "lakini niliwaokoa". Neno hilo likitoka, watakuchukia na watakuwa na haki. Sikufichi, anayetaka kukushitaki anaweza, na akitaka ushauri wa sheria aende kwa wakili, siyo kwangu.

Ukijumbe uache bila kuombwa. Mgawie kila mtu chake. Anayetaka sarafu ainunue kwa jina lake, kwa kidole chake. Itapanda? Itaanguka? Mimi sijui, wewe hujui, na Mwalimu aliyejua yuko wapi? Kisha mshike mkono Mama Yu-rim mwende kwa mwenye kibanda kabla mwezi haujakatika. Na meno ya dada Sun-bok yasiguswe na mtu. Saidia kuyalipia.

Nenda. Soko linafunguliwa mapema.

*

(Kwa idhini yake, tunachapisha alichotuandikia wiki tatu baadaye.)

Mshauri, nilikwenda. Mama Gi-tae alikuwa mlango wa nyuma wa mgahawa na glavu ndefu za mpira. Nilipomaliza kusema alinipiga begani kwa ile glavu, mara moja, kisha akakaa kwenye kreti la pombe ya soju akalia mpaka mwenye mgahawa akatoka. Mama Gi-tae akamwambia, "Tafuta mwingine wa kuosha. Mimi sina deni." Hakunitazama njia nzima ya kurudi, lakini tulirudi pamoja.

Mbele ya wote nilisema kama ulivyonielekeza, nikanyamaza. Dada Sun-bok ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo mimi sijawahi kuwa tajiri?"

"Hapana, dada."

"Hata ile siku tuliyokula nyama ya ng'ombe?"

"Hata siku ile."

Akafikiri. "Nyama ilikuwa tamu, lakini." Halafu akachukua chake, akasema mimi ni mshenzi na nitalipa nusu ya meno yake, na ninalipa.

Mama Gi-tae alinunua sarafu jioni ile ile kwa simu yake, milioni mbili tu, nyingine kaziacha benki. Sijui bei yake leo, na mara ya kwanza tangu mwaka jana naamka naenda moja kwa moja kuloweka maharage.

Mama Yu-rim ndiye sijui nisemeje. Hakunitukana. Alihesabu pesa yake, akavaa viatu, akatoka. Kwa mwenye kibanda tulichelewa siku mbili, kilishachukuliwa na muuza vifuniko vya simu. Binti yake naye ana nyumba ya vyumba viwili na watu watano, kupumzika kule kulikuwa kwa ndoto za tajiri. Nikasogeza masinia yangu, nikampa nusu ya kibanda changu, nimeweka taa kubwa kwa ajili ya macho yake. Alileta cherehani bila kuuliza kodi ni kiasi gani, na mimi sikumwambia kwamba hakuna. Anashona kanipa mgongo. Wiki ya tatu sasa hatujasemezana, mshauri, na sijui kama hii ni adhabu au ni msamaha unaopita polepole, bado nimechanganyikiwa, ila kuchanganyikiwa huku ninaweza kulala nako.

Jana alikuja mteja mgeni nikiwa nimeinama kwenye pipa, akamuuliza yeye kama tofu ni ya leo au ya jana.

Mama Yu-rim hakuinua macho kwenye sindano.

"Ni ya leo," akasema. "Huyo kwenye tofu hasemi uongo."