Bastola ya Selemani na Mtamba Wangu

Singida, Jumanne, kabla ya magharibi

Upepo tangu alfajiri, ule wa kiangazi unaotoka upande wa ziwa na chumvi yake. Mlango umejibamiza hata nimeuwekea jiwe. Baridi inauma, vumbi limeingia mpaka kwenye chai, na moyo wangu hauko sawa.

Nina wivu.

Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilione lilivyo. Ni dogo kuliko nilivyodhani. Kifuani lilikuwa limelala kama ng'ombe mlangoni, hapiti mtu.

Ninayemwonea wivu ni Selemani Kidua, mnunuzi wa ng'ombe kama mimi. Tunasimama minada ile ile, kila mtu na fedha za tajiri wake, tunapapasa migongo ya ng'ombe wale wale na kudanganyana bei kwa adabu. Nilikuwa nimemzoea. Yeye ana baiskeli, mimi nina baiskeli. Yeye alikwenda vitani Bama na askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akarudi sajini, mimi nilibaki huku nikichunga mbuzi wa baba, lakini hilo nilikwisha kumsamehe kwa sababu risasi za Bama sikuzihitaji.

Ila tangu Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, ampe kibali cha kubeba bastola, kwa ajili ya wanyang'anyi wanaovizia wanunuzi njiani, sijamsamehe kitu.

Anaivaa kiunoni, upande wa kulia, ndani ya koti. Ili watu waione lazima afungue koti, na ili afungue koti lazima asikie joto. Basi Jumamosi mnadani, wakati wazee wamejifunika mablanketi mpaka masikioni, Selemani alikuwa anajifuta jasho. Alijifuta jasho asubuhi nzima. Watu walimwamkia yeye kwanza. Mpiga mnada alimwita Bwana Selemani. Mimi aliniita wewe wa nyuma.

Hayo ningeyavumilia. Sina jina kubwa la kulilinda. Lakini yuko Elizabeti.

Elizabeti ni binti wa Mzee Gwau wa Mungaa. Tangu mavuno namchumbia kama inavyotakiwa, yaani kupitia kwa baba yangu mdogo Yohana, ambaye huongea na Mzee Gwau, ambaye huongea na mkewe, ambaye labda huongea na Elizabeti. Ng'ombe wa mahari wako tayari katika zizi la baba mdogo. Mmoja wao ni mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Mzee Gwau alikuja mwenyewe kuwatazama, akampapasa yule nundu, akasema, "Huyu." Kwetu mnyama akishaonyeshwa na kusifiwa hivyo habadilishwi. Anakula majani ya kwako, lakini si wako tena.

Sasa juma lililopita nikasikia kwamba Selemani naye anapita kwa Mzee Gwau. Eti anatafuta dume la kununua. Mzee Gwau hana dume la kuuza, na Selemani anajua vizuri, maana la mwisho alilinunua yeye.

Ndipo nikaanza kuihitaji bastola.

Sababu nilizipata bila shida. Njia ya Puma ina vichaka. Nabeba fedha za watu. Simba hawajaisha katika nchi hii. Zote ni za kweli, na zote zilikuwepo mwaka jana nilipokuwa napita na mkuki mmoja nikipiga mluzi. Tajiri wangu akaniandikia barua ya kupeleka Boma kuomba kibali, na jana, kabla hata ya kuipeleka, nikaingia dukani kwa Kanji, Mhindi mwenye ruhusa ya kuuza silaha hapa mjini. Nilitaka kuchagua kwanza. Mtu akijua anachokiomba huomba vizuri zaidi.

Kanji akaniuliza ni ya kuweka nyumbani au ya kutembea nayo kila siku. Nikasema ya kila siku. Akasema basi pima uzito kwanza, uzuri baadaye, kwa sababu bastola nzito mtu huipenda juma moja tu. Akatandika kitambaa juu ya meza akazipanga.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, bapa, ya kukaa mfukoni kama bati la tumbaku. Mtu anaweza kukukumbatia asijue unayo. Bei yake ya Kizungu. Lakini hata ingekuwa ya bure, bastola isiyoonekana ingenisaidia nini mimi? Nikairudisha. Nadhani Kanji alinielewa pale pale, maana hakunionyesha nyingine ndogo.

Ya pili ni ya wakati wa Mjerumani. Mtutu mrefu mwembamba, mpini wa mbao uliosuguliwa na viganja vya watu waliokwisha kufa. Nzuri, nikameza mate. Lakini Kanji, ambaye kwa kawaida hasemi ubaya wa mali yake, alisema risasi zake hazipatikani tena, na mwenye kuinunua atakuwa amenunua nyundo.

Ya tatu ndiyo ya watu wa kipimo changu. Rivolva ya zamani ya jeshi la Kiingereza, ya kukunjwa katikati kama unavyovunja bua la mtama, ukaziona risasi zako zimekaa kila moja kwenye tundu lake. Haina vidude vingi vya kuingiwa na mchanga, na kwa upepo wetu huu hilo si jambo dogo. Risasi zake zipo. Mpini ulipasuka, umefungwa waya wa shaba, ndiyo sababu bei imeshuka. Kanji akahakikisha haina kitu ndani, akaniruhusu niijaribu kiunoni.

Suruali ikashuka upande mmoja. Nikakaza mkanda mpaka tundu la mwisho. Nikatembea nayo dukani, kwenda na kurudi. Nikakaa juu ya gunia la chumvi kama mtu aliyepanda baiskeli, mtutu ukanichoma paja. Kanji akanishauri niihamishie kushoto, mpini uelekee mbele. Nikaihamisha. Nikafungua koti. Nikajifuta jasho.

Kwenye kioo cha kabati la Kanji alionekana mtu.

Bei yake niliipigia hesabu njia nzima ya kurudi nyumbani. Mbuzi wangu wote hawaifikii. Mtamba mmoja anaifikia. Kanji amekubali kuniwekea mpaka Jumamosi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mimi na baba mdogo kwenda Mungaa kupanga lini ng'ombe wapelekwe. Habari za bastola nilikuwa sijamwambia. Njiani, kila tulipopandisha kilima tukishuka kusukuma baiskeli, nilikuwa natunga maneno: mtamba ameugua miguu, mtamba mjomba anamdai, atakuja mwingine mzuri kuliko yule. Hakuna lililosimama vizuri mdomoni.

Kwa Mzee Gwau, kama kwa wazee wote wa kule, mgeni wa kiume hapiti na silaha. Mkuki unauchomeka nje kando ya mlango wa ua, unaingia na mikono yako na adabu yako. Tukachomeka mikuki yetu, tukapiga hodi, tukatoa shikamoo, tukakalishwa ndani ya tembe mahali pa heshima, yaani mbali kabisa na jikoni. Togwa akaileta mama mtu. Elizabeti nilimwona kisigino.

Hatujafika hata kwenye habari za ng'ombe, tukasikia kengele ya baiskeli. Selemani. Akatoa shikamoo kutoka nje kwa sauti ile ya sajini, na kutoka nilipokaa nikamwona mlangoni pa ua, koti wazi.

Mzee Gwau aliitikia marahaba bila kuinuka. Kisha akasema, "Silaha yako iache hapo, kijana, ndipo uingie."

Selemani akaeleza kwamba huu si mkuki. Kibali kinasema isitoke mwilini mwake. Akiiacha mahali na watu wa Boma wakisikia, watamnyang'anya, na kumfunga juu yake. Aliyasema kwa heshima, siwezi kumsingizia.

Mzee Gwau akafikiri. Ni mtu anayefikiri mpaka unasahau kilichoulizwa.

"Sawa," akasema. "Boma wana sheria yao, na ua huu una ya kwake. Kaa nayo hapo nje. Chakula kitakukuta."

Selemani akakaa. Juu ya jiwe, nje ya ua wa minyaa wa Mzee Gwau, upepo ukimjaza vumbi masikioni, na safari hii koti akalifunga. Sijawahi kunywa togwa tamu kama ile. Baba mdogo alinikanyaga mguu ili nisitabasamu.

Utamu ulidumu mpaka Elizabeti alipotoka na kigoda.

Alimpelekea kigoda. Akarudi, akampelekea maji ya kunawa. Akarudi, akampelekea ugali na mlenda. Mama mtu anaumwa magoti, na Mzee alikuwa amesema chakula kitamkuta, hakusema kitabebwa na nani. Kila alipotoka alikawia kuliko alivyokawia mara iliyotangulia. Mimi nilikuwa ndani, mgeni wa heshima, nimebanwa kati ya wazee wawili wanaozungumza kupe. Kupe wa zamani, kupe wa siku hizi, na kama josho la serikali linawaua au linawaogesha tu. Kila nikitaka kugeuza shingo, Mzee Gwau ananiuliza, "Au siyo, Mateo?" nami najibu ndiyo, Mzee.

Nje, Elizabeti akacheka.

Hakikuwa kicheko cha adabu. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sijawahi kumchekesha Elizabeti. Ningemchekesha vipi? Tangu nianze kumchumbia nimeongea na baba yake.

Niandike na hili, ingawa ni la aibu: pale pale bastola niliitaka mara mbili zaidi. Mwanzo nilikuwa naitaka kwa ujinga, ili nionekane. Sasa nilikuwa nimepata sababu ya mtu mwenye akili. Mwenye bastola hukalishwa nje, na nje ndiko aliko Elizabeti. Nikaamua moyoni mtamba auzwe kesho.

Selemani aliondoka kabla yetu, aliaga kwa sauti, wazee wakamwitikia. Siku ya kupeleka ng'ombe ikapangwa: Jumapili ijayo, wote, kama walivyoonyeshwa. Mzee Gwau alirudia, "Kama walivyoonyeshwa." Nikasema ndiyo, Mzee. Kisha nikamwacha baba mdogo akimaliza kuaga, jambo ambalo kwake si la haraka, nikatoka kung'oa mikuki.

Elizabeti alikuwa pale kwenye jiwe, anakusanya vyombo. Nikamsalimu. Akaitikia akiwa anatazama bakuli.

"Jana ulikuwa kwa Kanji," akasema. "Unajitazama na bastola kama mwali aliyepewa kanga."

Nikauliza nani kasema.

"Shangazi alikuwa pale. Alikuwa anangoja uinuke juu ya chumvi."

Nikasema ni kwa ajili ya wanyang'anyi. Akauliza mimi nina nini cha kunyang'anywa. Jibu lake ninalo sasa, nimelipata nusu ya njia ya kurudi, na ni jibu zuri sana. Pale nilisema, "Fedha za tajiri."

Akapanga bakuli juu ya bakuli. Akasema Selemani amemwambia mwenyewe kwamba tangu apewe kile chuma hajaoga mtoni, maana hana wa kumwachia. Kila nyumba anayofika anakula langoni.

"Yeye anatamani kuingia ndani," akasema. "Wewe uliye ndani unatafuta kitu cha kukutoa. Na Kanji utamlipa kwa nini?"

Nikang'oa mkuki wangu.

"Si yule mwenye baka, Mateo."

Nikang'oa na wa baba mdogo. Ndipo akanitazama.

"Ukimuuza yule, baba hatagomba. Atanyamaza tu, na atakuwa amemaliza." Akainua vyombo. "Hivi wewe unanichumbia mimi au unamchumbia baba?"

Nilifungua mdomo. Nadhani nilikuwa karibu kusema kitu kuhusu kupe.

"Alhamisi niko bondeni namwagilia vitunguu," akasema. "Bondeni hakuna mlango wa ua."

Akaingia ndani. Baba mdogo akatoka, akanitazama usoni, akauliza kama nimepigwa na jua. Jua gani, na upepo ule.

Njia nzima tulipanda baiskeli tukipingana na upepo, kwa hiyo hatukuongea, nami nikashukuru. Tulipofika kwenye zizi lake nilikwenda nikasimama mbele ya yule mtamba kitambo. Hana habari ya lolote. Alinipumulia mkononi, akarudi kwenye majani yake.

Kesho asubuhi namwambia Kanji ile bastola amwuzie mtu mwingine. Barua ya tajiri nitamrudishia nimwambie mkuki bado unatosha, naye atafurahi kwamba sikumletea mambo ya Boma. Nilidhani nikiamua hivi wivu utaondoka wenyewe, kama mgeni aliyeona chakula kimekwisha. Haukuondoka. Namwonea Selemani wivu kwa sauti yake, kwa Bama yake, na kwa lile jiwe alilokalia, ambalo nina hakika ni jiwe baya na lina baridi.

Hata hivyo Alhamisi ni kesho kutwa. Nitakwenda bila mshenga, bila koti, nitabeba ndoo za maji kama nikipewa. Na nimejiapia kwamba sitamwuliza walikuwa wanacheka nini.

Nitaanza na habari za vitunguu. Kisha nitamwuliza.