Mtoto Aliyebaki Bwawani

Mwembekuti, Unguja

Kwa dada yangu mpenzi Bi Ummkulthum,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nnataraji waraka huu utakukuta mzima hapo Kikwajuni, goti limepoa na shemeji hanung'uniki sana. Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Bi mkubwa anakusalimu. Baba naye anakusalimu, ingawa siku hizi hasemi ila aulizwe. Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Dada, mambo haya hayasemeki kwenye simu, na wewe simu yako unaifungulia sauti nyumba nzima isikie. Nimempa Suhaib, huyu jirani anayeshusha mboga Darajani, na nimemuapisha asiufungue waraka.

Lile bwawa letu unajua lilivyo zee. Tangu tetemeko lile lililotuangushia vyombo makabatini, tuta limefanya ufa. Mainjinia wakasema likija jingine kubwa zaidi, tuta litateleza na maji yote yatashukia mpunga na nyumba zetu. Basi wakaamua kuliongezea mawe mazito chini, upande wa maji, lipate cha kuegemea. Mimi nimepata kibarua hapo. Ili mawe yawekwe, ikabidi maji yapunguzwe, na yalipopungua, dada, kijiji cha zamani kikatoka. Misingi ya nyumba, kisima, ngazi za msikiti, vyote vimejaa tope. Wazee wakawa wanakwenda kuangalia kwao na kulia.

Bi mkubwa akataka apelekwe. Nilimkataza, lakini unamjua mama yako akishatia jambo kichwani. Akaupita msingi wa nyumba yake bila hata kusimama, akenda moja kwa moja mpaka chini ya tuta, akainama. Pale pana kaburi dogo lenye kibakuli cha maua kilichojengewa upande wa kichwa. Akasema kibakuli kile alikitia yeye kwa mkono wake, na kwamba hilo ni kaburi la Matar, kaka yetu wa kwanza aliyekufa mchanga.

Sasa, si tumekua tukiambiwa kuwa Matar alihamishwa kabla maji hayajajaa? Si kila Idi tulisimama na mama nje ya ukuta wa mavani tukamsomea Fatiha? Kumbe kaburi halijafukuliwa.

Baba hakukana. Alisema siku ile ya kumhamisha alikwenda na jembe peke yake, maji yashaanza kuingia bondeni, na alipoanza tu kuchimba akasikia mtoto analia chini. Akaamini mwanawe hakufa, kachukuliwa na wachawi, na akifukua atakuta asichoweza kukitazama. Akatupa jembe akakimbia. Kwa haya ya kurudi kwa mkewe mikono mitupu, akakata kipande cha mgomba, akakivika sanda, watu wakakizika kwa heshima zote. Mgomba, dada! Miaka yote ile tunauombea dua mgomba! Bi mkubwa hakumgombeza. Alisema tu kuwa anamtaka mwanawe atolewe kabla mawe hayajamwagwa juu yake, na injinia, Mungu ambariki, akatupa mpaka Ijumaa.

Ijumaa ile niliingia kaburini mimi. Ami Makungu na wenzake wakatandaza shuka juu, kama ilivyo ada, maiti asionekane. Chini ya shuka nilikuwa peke yangu. Bi mkubwa hakukubali kubaki nyumbani. Alikuwa kakaa pale pale juu kwenye tope, namsikia anavyovuta pumzi.

Ummkulthum, hamkuwa na kitu. Nilichimba hata nikapita mwanandani, pale maiti anapolazwa. Tope tupu na maji. Mama akaniuliza kama nimempata. Nikaitika naam, nimempata. Neno lilinitoka lenyewe, wallahi. Nikachota udongo, nikauchanganya na vijiwe, nikaufunga kwenye sanda. Tukauzika mavani siku hiyo hiyo, na sasa Bi mkubwa kausia akifa azikwe ubavuni mwake. Ana raha ambayo sijapata kumuona nayo. Nimwambie nini mimi?

Mawe yashamwagwa. Tuta sasa ni imara, wanasema, na maji yameanza kurudi.

Lakini aliyenimaliza ni baba. Mavani alikipokea kile kifurushi, akakipima mikononi, akanitazama. Tulipokuwa tukirudi akanivuta pembeni. Nikadhani ataniuliza nimefunga nini. Hakuuliza hilo. Aliniuliza kama na mimi nilimsikia. Nikamwambia sikusikia kitu. Akanishukuru, akalia, akasema basi miaka yote hii alikuwa mwendawazimu tu.

Nimemdanganya, dada. Nilimsikia. Alikuwa analia chini ya miguu yangu, na ndiyo maana nikasema nimempata, ili nitoke mle.

Njoo, tafadhali, usikilize na wewe maadamu bwawa halijajaa. Nisalimie shemeji, na wanao uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akuhifadhi.

Nduguyo akupendaye,
Jaku