Nafasi ya Tatu

Baba mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi kwenye cherehani yako, goti limetulia na macho hayakusumbui. Mama naye, kikohozi kimemwacha? Sisi huku ni wazima. Mimi nimenenepa na nacheka ovyo, mpaka jirani ameniuliza kama ndoa inauzwa duka la dawa.

Salamu zako zilinifikia kupitia kwa shangazi, kwamba nikuombee radhi kwa mkweo kwa sababu umeharibu rimoti aliyokupa. Baba, hukuharibu kitu. Vumilia usome mpaka mwisho, maana unanijua, nikianza kuongea sifiki mapema.

Unakumbuka siku ya harusi yetu alivyosimama mbele ya watu wote, akakuvisha ile rimoti shingoni na kusema kuwa mlango wa binti yako hautakuwa na ufunguo kwako, ni kubonyeza tu na kuingia. Watu walipiga vigelegele. Wewe ulijifuta macho kwa mkono wa koti. Mimi nilijiambia, mwanamume huyu nitampenda mpaka nywele zote ziwe nyeupe.

Na nimempenda, Baba. Alipoona nakaa peke yangu mchana, alinikaribisha kwenye meza yake ya kazi, akasema anataka tuwafungie watu milango ya rimoti pamoja, mke na mume. Alinipa chipu, ule ubongo wa mlango, ndogo kuliko kifungo cha shati. Ni ya biti nane, alisema, haiwezi kuhesabu kupita mia mbili hamsini na tano, lakini hiyo inatosha kulinda nyumba. Somo la kwanza lilikuwa kuwasha taa nyekundu na kuizima. Nilikosea waya mara nyingi, naye akanitania kwamba nimesoma sekondari kwa ajili ya kuvaa sare. Ilipowaka, alinibusu sikioni. Nilidhani ile taa ni moyo wangu umetolewa nje.

Kisha akanifundisha jinsi mlango unavyozitambua rimoti. Kila rimoti ina namba yake, na mlango huiweka namba hiyo katika kumbukumbu, kila moja katika nafasi yake. Pia rimoti na mlango huhesabu pamoja kila unapobonyeza. Ukibonyeza mno ukiwa mbali, hesabu hupishana na mlango hukukataa.

Ndivyo alivyonieleza ulipokuja na zile foronya ulizotushonea, Mama akazitarizi maua, ukabonyeza na kubonyeza mvua ikikunyeshea, mwishowe ukaziacha kwa jirani na kurudi. Tuliporudi nyumbani alicheka, akasema mzee alikuwa anawaringishia wenzake huko kijiweni, kabonyeza mpaka hesabu imelewa. Nami nilicheka, Baba. Nilikuona kabisa ukiringa.

Basi nikataka kukufanyia jambo. Wiki iliyopita, alipokuwa kazini, nilifungua kisanduku cha mlango wetu, nikaunganisha kompyuta ili niisogeze hesabu yako ilingane. Nafasi ya kwanza ilikuwa na namba yake. Ya pili, yangu. Ya tatu ilisomeka mia mbili hamsini na tano, mia mbili hamsini na tano, mpaka mwisho. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha maana yake: hapo hapajawahi kuandikwa kitu. Si kwamba hesabu yako ilipishana. Mlango ule haujakujua hata siku moja.

Nilimuuliza kwa upole, nikitumaini atasema alisahau. Hakukana. Alikuwa anafuta ncha ya chuma cha kulehemu, akaendelea kufuta. Alisema siku ya harusi watu wanahitaji kuona kitu, na kwamba yeye amenioa mimi, hajaoa ukoo, hawezi kukaa na singlendi kwake akisubiri baba mkwe atokee sebuleni. Kisha akanibusu kwenye paji la uso, akaniita mtoto.

Baba, angeniambia hataki wageni wasiobisha hodi, ningemwelewa. Ninachoshindwa kumeza ni kwamba ulisimama mvuani ukijilaumu, yeye akijua, na akanichekesha.

Kesho yake nilipojaribu kusoma chipu tena, ilikataa. Alikuwa ameifunga. Somo hilo hakunifundisha, labda alidhani nitakoma hapo. Lakini kitabu cha chipu kiko rafuni na mimi najua kusoma. Chipu iliyofungwa haisomeki wala haiongezwi namba kwa kompyuta. Ila inafutika yote.

Yeye amekwenda kufunga mageti ya hoteli moja, atarudi Jumamosi. Leo asubuhi nimeifuta. Programu yake imekwenda, na namba zetu sote. Nimepakia ya kwangu, ya kwanza niliyoiandika bila mkono wake juu ya mkono wangu, na kwa ndani nimeweka kitufe: nikikishika, mlango unasajili rimoti mpya. Nimeijaribu kwa rimoti yangu na komeo limetii. Nililia, na sikujua kama ni kwa furaha.

Njoo Alhamisi, Baba. Rimoti yako ni nzima, ivae shingoni kama siku ile. Ukifika mlangoni nigongee, nami nitashika kitufe cha kusajili huku ndani, kisha ubonyeze mara moja tu. Nafasi ya kwanza nimekuwekea wewe. Ya pili ni yangu. Ya tatu bado inasomeka mia mbili hamsini na tano. Jumamosi atasimama pale pale uliposimama wewe, atabonyeza, na bado ninampenda, lakini sijui kama nitakishika kile kitufe.

Mbusu Mama. Mwambie foronya zake nazilalia kila siku, na maua yake hayajachuja. Shangazi msimweleze kitu, mdomo wake hauna komeo la aina yoyote.

Mimi mwanao akupendaye,
Chiriku wako